Nukta Inapogeuka Sauti: Kiingereza cha Maandishi Katika Zama za Simu

Walimu wenzangu wa Kiingereza, naomba nianze na ujumbe mmoja mfupi. Mwezi uliopita binti yangu, aliyeko chuoni, aliniandikia kwa Kiingereza kwamba hatakuja nyumbani mwisho wa wiki. Nikamjibu: "Okay." Papo hapo simu ikaita. "Mama, umenikasirikia?" Sikuwa na hasira hata chembe. Kilichomshtua ni nukta niliyoweka mwishoni, kama nilivyofundishwa na kama ninavyofundisha.

Kwenye simu, kitufe cha kutuma ndicho kinachofunga sentensi. Nukta imenyang'anywa kazi yake ya zamani, ikapata nyingine: inabeba sauti ya mtu anayejibu kwa mkato, uso kaugeuzia pembeni. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, waliwapa wanafunzi wasome majibu mafupi ya ujumbe wa simu. Yaliyokuwa na nukta yalionekana hayatoki moyoni. Yaliposomwa katika vikaratasi vilivyoandikwa kwa mkono, tofauti hiyo haikuwapo.

Kiu ya kuweka sauti ndani ya maandishi ni ya muda mrefu. Septemba 19, 1982, Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipendekeza nukta mbili, kistari na mabano viwe uso unaotabasamu, kwa sababu wenzake kwenye kompyuta walikuwa wakichukulia mizaha kuwa maneno ya kweli.

Vifupisho ndivyo tunavyovilalamikia zaidi, na hapo nadhani tunamwonea mtoto. Ujumbe wa simu uliwekewa kikomo cha herufi 160, watu wakabana maneno. Ila OMG imo katika barua ambayo Admirali Fisher alimwandikia Winston Churchill mwaka 1917, na kamusi kubwa ya Oxford iliipokea mwaka 2011.

Linalonigusa ni jingine. Nilisahihisha barua ya kuomba kazi ya mwanafunzi wa kidato cha nne. Haikuwa na nukta hata moja. Kila wazo lilipokwisha, alishuka mstari mpya. Nikaweka kando kalamu nyekundu, nikamwita aisome kwa sauti. Akawa anatua kila mwisho wa mstari, bila kukosea. Sentensi inaishia wapi anajua vizuri sana. Asichojua ni kwamba mkuu wa ofisi anayeipokea barua ile hakuzoea kusoma kituo katika nafasi tupu.

Kwa hiyo napendekeza somo la barua lianze na habari moja iandikwe mara mbili, kwanza kwa rafiki kwenye simu, kisha kwa mkuu wa ofisi, na wanafunzi wenyewe waeleze nukta inasema nini kule na inasema nini huku. Darasani kwangu dakika ishirini zimetosha, na yule kijana wa barua ndiye aliyeomba kuandika ubaoni wa kwanza.