Kasha la Diski Lisiloulizwa: Kufuatilia Hifadhi za Seva katika Joto na Stima ya Kisumu



Nimeombwa nizungumzie diski, lakini nitazungumzia zaidi kile chuma kinachozibeba. Kasha la diski ni lile sanduku linaloingizwa kwenye raki, lenye sloti 12, 24 au hata 60, pawa saplai mbili mgongoni, feni kadhaa, na kadi moja au mbili zinazoliunganisha na seva kwa kebo za SAS. Halina skrini wala mtumiaji wa kulilalamikia, kwa hiyo hukaa miaka bila mtu kujua lina hali gani. Hoja yangu ni kwamba kasha hilo lina uwezo kamili wa kujieleza, na sisi tunaotunza seva za hospitali, vyuo, taasisi za utafiti na kaunti hatuliulizi. Kwenye mwambao huu wa Ghuba ya Winam, ambako joto, wadudu na stima isiyotulia vinalichosha kwa pamoja, ukimya huo unanitia hofu kuliko ubovu wa diski yenyewe.

Kwanza tukumbuke ni nini kimo ndani ya diski hizi. Tangu 2001 watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, wenye makao Kisian wamekuwa wakifuatilia familia za Siaya, kuanzia Asembo na Gem, wakiandika waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyozinduliwa nchini Kenya pale Ndhiwa katika Kaunti ya Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019, ilitanguliwa na miaka ya majaribio katika maeneo yetu haya. Wavuvi wa ziwa, mashua zao na nyavu zao wamekuwa wakihesabiwa upya kila baada ya miaka michache tangu 2000. Rekodi za namna hii hazikusanyiki mara ya pili. Mtoto aliyepimwa damu mwaka 2003 leo ni mtu mzima, na hakuna bajeti itakayomrudisha utotoni.

Sasa nieleze hatari yenyewe. Kasha hununuliwa na pawa saplai mbili ili moja ikifa nyingine ibebe mzigo. Mpango huo unafanya kazi vizuri sana, na ndiyo shida: ya kwanza ikifa hakuna kinachobadilika. Daktari anafungua faili la mgonjwa kama jana, mhasibu analipa mishahara, na taa ndogo ya rangi ya chungwa inawaka nyuma ya raki ambako hapiti mtu. Katika ofisi moja ya ukanda huu, ambayo sitaitaja, nilikuta taa hiyo ikiwaka na kingʼora kimezimwa kwa kitufe. Aliyekizima alikwisha kuhamishwa. Hakuna aliyeweza kuniambia ilianza kuwaka lini, na vumbi lililokuwa juu ya kitufe lilikuwa limeganda.

Kujua mapema hakuhitaji programu ya bei ghali. Makasha ya SAS hufuata kanuni iitwayo SES, ambayo inaruhusu seva kuliuliza kasha kuhusu kila kiungo chake: pawa saplai, feni, vipimajoto, volti, kadi za kuunganishia, na kila sloti. Kwenye Linux, amri ya lsscsi -g itakuonyesha kasha kama kifaa kinachojitegemea, tuseme /dev/sg4. Kisha andika sg_ses --join /dev/sg4, nawe utapata orodha nzima ya viungo na hali ya kila kimoja. Wenye FreeBSD wana sesutil status na sesutil map, ambazo kwa kweli husomeka kwa urahisi zaidi.

Hali ya kila kiungo huja kama namba, na hapa naomba tutulie kidogo. Namba 1 ni kwamba kiungo ni kizima. Namba 2 ni hatari, 3 ni hitilafu isiyo ya hatari, 4 ni ubovu usiorekebishika. Hati nyingi za ufuatiliaji (skripti) nilizoziona huangalia 2 na 4 tu, nyingine zote zinaachwa zipite. Lakini 5 maana yake kiungo hakipo kabisa, na 6 maana yake kasha halijui hali ya kiungo. Fundi akichomoa pawa saplai mbovu aende nayo Nairobi kutafuta nyingine, kasha litasema 5, na hati yako itaandika kwamba mambo ni shwari. Sloti tupu ya diski kuwa na 5 ni kawaida. Pawa saplai kuwa na 5 ni kasha linalosimama kwa mguu mmoja. Kwa hiyo andika mapema kasha lako linapaswa kuwa na nini, kisha linganisha na jibu lake. Usisubiri neno la hatari ndipo ushtuke.

Joto husomwa kwa njia ambayo imewachanganya wengi wanaoandika hati zao wenyewe. Kasha hutuma namba iliyoongezwa 20, ili iweze kuonyesha hata baridi iliyo chini ya sifuri. Ukiona 52 kwenye data ghafi, joto ni nyuzi 32. Asiyejua hili huona 52 na kuzima kasha zima lisilo na kosa, au huinua kiwango cha tahadhari kwa nyuzi 20 na kujiondolea ulinzi.

Hata hivyo, kwa Kisumu, mimi siangalii kipimajoto kwanza. Naangalia feni. Mji huu uko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kama sehemu moja ya nane. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo, kwa hiyo feni lazima izunguke zaidi ili kupooza diski ileile. Juu ya hayo, alasiri zetu hufika nyuzi 29 au 30, ilhali chama cha wahandisi wa kupooza hewa cha ASHRAE kinapendekeza hewa inayoingia kwenye vifaa iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Kiyoyozi kikizimika saa nane mchana, hewa ya dirishani haitakuokoa.

Halafu kuna wale visubi wa ziwani. Sote tumeona wakipanda kutoka majini kwa wingi unaofanana na nguzo za moshi, hasa siku za mwezi mwandamo. Usiku hufuata taa, hupita chini ya mlango na kwenye matundu ya kiyoyozi, na hufia kwenye vichujio vya hewa. Chomoa kichujio cha raki katika jengo lililo karibu na Dunga baada ya wimbi moja la wadudu hao, ukikune kwa kucha: utakuta utando wa mabawa uliochanganyika na vumbi, laini kama sufi na mzito wa kuzuia hewa.

Kasha hukabiliana na hali hiyo bila kumwambia mtu. Vipimajoto vyake vikipanda kidogo, linaongeza kasi ya feni, joto linarudi palepale, na grafu yako ya joto inabaki tambarare kwa miezi. Kinachopanda ni kasi. Kwa kanuni ya SES kila feni hutoa kasi yake halisi kwa makumi ya mizunguko kwa dakika, pamoja na daraja kati ya 1 na 7, kuanzia ya polepole hadi ya mwisho. Feni iliyokuwa daraja la 3 mwezi Januari ikifika la 6 mwezi Mei, wakati joto ni lilelile, kichujio kimeziba au feni nyingine inachoka. Weka kasi ya feni kwenye grafu na utajua wiki nyingi kabla ya kipimajoto kuamka. Katika mada yangu yote, kama kuna jambo moja mtakalolitekeleza kesho asubuhi, naomba liwe hili.

Stima ndiyo inayokusanya madeni yote haya siku moja. Tarehe 25 Agosti 2023 usiku nchi karibu nzima iliingia gizani, ikarudia tarehe 11 Novemba na tena tarehe 10 Desemba mwaka huohuo. Na hapo sijahesabu kupotea kwa stima mtaani ambako radi za jioni hutuletea. Stima inaporudi, diski zote hutaka kuanza kuzunguka. Diski ya inchi 3.5 ikishazunguka hutumia wati chini ya kumi, lakini katika sekunde za kwanza inaweza kuvuta wati 25. Zidisha kwa 60 upate wati 1,500 kwa mkupuo mmoja. Makasha mazuri huziamsha diski kwa zamu ili kuepuka hilo, mradi mtu asiwe ameizima zamu hiyo kwenye mipangilio. Sasa fikirieni kasha ambalo pawa saplai moja ilikufa miezi kadhaa iliyopita, iliyobaki imezeeka, feni ziko daraja la mwisho, na diski ambazo hazijawahi kusimama kwa miaka zimepoa usiku kucha. Diski tatu zikikosa kuamka kwa wakati mmoja, safu ya RAID inayovumilia vifo vya diski mbili haina la kufanya. Mkuu wa taasisi ataambiwa stima ndiyo iliyoharibu. Stima ilikuta kazi imekwisha kufanywa nusu.

Agizo dogo la utaratibu hapa: kasha liwashwe kwanza, seva ifuate baada ya dakika chache. Seva ikitangulia, itaona diski hazipo na kutangaza safu imevunjika.

Nije kwenye kosa la mkono. Diski imekufa, fundi ameingia na diski mpya, na mbele yake kuna sloti 24 zinazofanana. Seva inasema diski mbovu ni sdk. Jina hilo linaweza kubadilika kila seva inapowashwa, kwa hiyo halimwambii fundi kitu. Akichomoa diski isiyo na kosa katika safu iliyokwisha kupoteza moja, amelifanya tatizo dogo kuwa msiba. SES ina dawa: orodha ya --join huunganisha kila sloti na anwani ya SAS ya diski iliyomo, kisha sg_ses --index=7 --set=ident /dev/sg4 huwasha taa ya sloti hiyo ili fundi aione kwa macho. Kwa FreeBSD ni sesutil locate da7 on. Kabla ya kuvuta, mwenzake asome kwa sauti nambari ya siriali kutoka kwenye seva, na baada ya kuvuta ilinganishwe na kibandiko cha diski. Makasha mengine huanza kuhesabu sloti kutoka 0 ilhali bamba la mbele limeandikwa kuanzia 1. Hilo lichunguzwe siku kasha linapofungwa, diski zikiwa bado tupu.

Kuhusu SMART, yaani ripoti ya afya ambayo diski hutoa yenyewe, nitapita haraka, kwa kuwa wengi mnaitumia. Watafiti wa Google walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000, wakakuta kwamba zaidi ya asilimia 56 ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya dalili nne za SMART walizoziona kuwa na nguvu. Isomeni SMART, lakini msiache nakala rudufu kwa kuitegemea.

Ujumbe wa tahadhari uende kwa SMS kupitia modemu yenye laini yake na betri yake. Barua pepe haifiki wakati stima imepotea na swichi za mtandao zimezimika, na ndio wakati unapoihitaji. Ujumbe huo upelekwe kwa mtu mwenye jina na zamu. Anwani ya pamoja ya idara haina usingizi wa kukatizwa.

Mwisho ni ununuzi, kwa sababu mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na zabuni huandikwa mapema. Andikeni wazi kwamba kasha lazima lijibu SES moja kwa moja, au kama limefichwa nyuma ya kontrola ya RAID, mwuzaji atoe zana ya kuonyesha feni, pawa saplai na joto bila leseni ya kila mwaka. Itisheni pawa saplai moja na feni moja za akiba zikae Kisumu kabatini, zisikae kwa wakala Nairobi. Na kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mdhibiti wa data saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data pale uvujaji unapoweza kuwadhuru watu, wekeni kipengele cha waranti kinachosema diski mbovu haitarudishwa kwa mwuzaji. Diski iliyokufa bado ina majina ya wagonjwa ndani yake. Ibaki kwenu, itobolewe kwa drili mbele ya mashahidi wawili, na nambari yake ya siriali iandikwe kwenye daftari lililo na sahihi zao.