Kivuli cha Watu Wote

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Mwalimu aliye pamoja nanyi na atazame kwamba kila mtu ana karatasi na kalamu, maana mwisho wa mazungumzo haya kuna kazi ya kuandika.

Leo nataka kuwaelezeni habari za bustani za watu wote katika mji mkubwa. Miji mikubwa ni mingi, lakini nitautwaa mji wa Nairobi uwe mfano wetu, kwa sababu bustani zake zina habari zenye mafunzo.

Kwanza tulifahamu jina lenyewe. Bustani ya nyumbani ina mwenyewe. Ukitaka kuingia hupiga hodi, na mwenyewe akikataa hurudi ulikotoka. Bustani ya umma haina hodi. Umma maana yake ni watu wote pamoja: tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni, mwenye kazi na yule anayetafuta kazi. Ardhi ile imewekwa kwa ajili yao wote, na serikali ni mtunzaji wake tu. Likumbukeni neno hilo, mtunzaji, maana tutalirudia.

Mtu wa shamba aweza kuuliza: Je, mtu atafunga safari kwenda kukaa chini ya mti? Kwetu miti imejaa! Ni kweli, lakini fikirini maisha ya mjini. Watu wengi hukaa chumba kimoja chini ya bati, na dirisha hutazama ukuta wa jirani. Miezi ya Januari na Februari jua la Nairobi ni kali. Mji ule uko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, tena uko karibu na ikweta. Kwa kuwa upepo wake ni wa baridi kiasi, mtu hudanganyika akadhani jua halimdhuru, kumbe linamchoma. Siku kama hiyo mtu hutamani kivuli, na kivuli cha dukani au cha hotelini hulipiwa.

Labda mmeona ya kuwa kivuli cha mti ni baridi kuliko kivuli cha bati. Vyote viwili ni vivuli. Tofauti yatoka wapi? Bati hulizuia jua, lakini lenyewe hupata moto, na joto lile huliteremsha juu ya kichwa chako. Mti hufanya kazi nyingine zaidi. Fikirini mtungi wa udongo. Maji hupenya polepole katika udongo wake, yakafika nje, yakakauka hewani. Maji yanapokauka huchukua joto, na kwa hiyo yale yanayobaki ndani huwa baridi. Mti nao ni kama mtungi. Hunywa maji kwa mizizi, ukayapandisha hata majanini. Huko majani yana vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na maji hutoka humo yakaenda hewani pamoja na joto. Basi miti mingi pamoja ni kama mitungi mingi iliyopangwa katikati ya mji. Pale pasipo miti, lami na saruji hushika joto mchana kutwa, na usiku huendelea kulitoa.

Sasa, mtu akitaka kwenda bustanini siku ya jua, afanyeje? Nitataja mambo manne.

Kwanza, achague saa. Kuanzia saa nne asubuhi hata saa tisa jua huwa kali sana. Asubuhi mapema na alasiri ni nyakati njema za kutembea. Saa za katikati ni za kukaa kivulini.

Pili, achukue maji ya kunywa na kofia au kitambaa cha kichwa, hasa kwa watoto. Mtoto anayecheza hakumbuki kiu mpaka amechoka. Tena pakiwa na ziwa au mto, mtoto asiachwe peke yake hata kidogo.

Tatu, asome kibao cha mlangoni kabla ya kuingia. Hapo huandikwa saa za kufungua na kufunga, kiingilio kama kipo, na mambo yaliyokatazwa. Mtu asiyejua kusoma hutegemea kuambiwa, na huenda akatozwa kisichopaswa. Ninyi sasa mwasoma, simameni msome.

Nne, asiache takataka, wala asiwape wanyama chakula. Katika bustani ya City Park kuna kima wengi. Watu wamewazoeza kula ndizi na njugu mikononi mwao, na sasa wengine hunyang'anya. Kima aliyefundishwa kuomba hujifunza kuiba.

Tukisha kuyajua hayo, twende tukatembee. Tuanze na bustani ya miti iitwayo Nairobi Arboretum, ambayo iko karibu na Ikulu. Ilianzishwa mwaka 1907. Wakati ule magari ya moshi ya reli yalichoma kuni, na kuni nyingi zilihitajiwa. Bwana Battiscombe, aliyekuwa afisa wa misitu, alipanda hapo miti ya nchi za mbali, ili ionekane ni ipi itakayokua upesi katika udongo wa Kenya. Reli iliacha kuni zamani, lakini miti ilibaki. Leo eneo lake ni karibu hekta 30, na mna aina zaidi ya 300 za miti, ya kwetu na ya kigeni.

Mahali pale ni darasa zuri kwa mtu anayejifunza kusoma, maana miti mingi ina vibao vya majina. Utaona jina la Kilatini, lugha ya kale ambayo wataalamu hutumia. Msishangae. Mti mmoja Wakikuyu huuita hivi, Wakamba vile, na Wajaluo vingine. Mtaalamu wa Kenya akimwandikia mwenzake wa Brazil, watapatanaje? Kwa hiyo kila aina ya mti imepewa jina moja la Kilatini linalojulikana dunia nzima. Lakini jina la nyumbani halipungui thamani. Soma la kibaoni, kisha umwulize mzee jina la kwenu na dawa au kazi ya mti huo, uyaandike yote mawili.

Sasa tuteremke katikati ya mji, penye Bustani ya Jeevanjee. Ni ndogo, imezungukwa na maduka na magari, na saa ya chakula cha mchana hujaa watu. Wengine hulala majanini, wengine husikiliza wahubiri, wengine hubishana habari za siasa. Bustani hii ilitolewa kwa watu wa mji mwaka 1906 na Bwana Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara kutoka Karachi. Baada ya miaka 85 hivi, mwaka 1991, ulitokea mpango wa kujenga mahali pale jumba la kuegesha magari na maduka. Mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama pamoja na wengine kuupinga. Mpango ule ukashindwa, na watu wangali wanakaa kivulini.

Si mbali na hapo iko Uhuru Park. Mzee Jomo Kenyatta aliifungua mwezi wa Mei mwaka 1969. Ina nyasi pana na ziwa dogo lililochimbwa, na kwa miaka mingi ndipo familia za Nairobi zilipokwenda siku za sikukuu. Mwaka 1989 ulijulikana mpango wa kujenga ndani yake jumba la ghorofa 60. Profesa Wangari Maathai, ambaye mwaka 1977 alianzisha chama cha Green Belt cha kupanda miti, aliona ya kuwa jumba lile litakula bustani. Alifanya nini? Hakuwa na jeshi, wala hakuwa na fedha nyingi. Alichukua kalamu. Aliandika barua kwa ofisi moja, kisha kwa nyingine, kwa serikali, kwa magazeti, na kwa mashirika ya nchi za nje. Aliwauliza Waingereza kama watu wa London wangekubali jumba kama lile katikati ya bustani yao ya Hyde Park.

Majibu ya kwanza hayakuwa mazuri. Bungeni alitukanwa. Alikwenda mahakamani, kesi ikatupwa. Chama chake kikaamriwa kutoka katika ofisi kilimokaa. Lakini barua zilikuwa zimekwisha kusomwa. Watu wa kawaida walianza kuandika zao magazetini, na wale wa nje waliotazamiwa kutoa fedha wakarudi nyuma. Mwishowe jumba halikujengwa. Mwaka 2004 Profesa Maathai alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Na tarehe 27 Agosti 2010, katiba mpya ya Kenya ilitiwa sahihi katika bustani ileile, mbele ya umati wa watu. Kama jumba lingalijengwa, umati ule ungalisimama wapi?

Katiba hiyo, katika kifungu cha 42, yasema kila mtu ana haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Ni maneno mema. Lakini maneno hayatembei yenyewe kwenda kuzuia ua wa mabati. Mwaka 2021 Uhuru Park ilifungwa ili itengenezwe upya, na watu wakaanza kuulizana kazi gani inafanywa humo, na itafunguliwa lini. Kuuliza hivyo si ukorofi. Mali ikiwa mikononi mwa mtunzaji, mwenye mali huuliza habari zake.

Hapa narudia neno letu. Serikali ni mtunzaji, na mwenye mali ni umma, yaani mimi na wewe. Bustani isiyotembelewa huonekana kama kiwanja kitupu, na kiwanja kitupu hutamaniwa. Kwanza hukatwa kipande kidogo pembeni, watu wakanyamaza, kisha kingine. Lakini bustani iliyojaa watoto, wazee na watu wanaokula chakula chao cha mchana ina walinzi wengi wasiolipwa mshahara. Kwa hiyo mtu anayekwenda kukaa kivulini siku ya jua asidhani anapoteza wakati. Anapumzika, na papo hapo analinda.

Na ikiwa hatari imekuja, barua ina nguvu. Barua njema ya jambo kama hili ina sehemu nne, nayo haihitaji maneno makubwa. Taja mahali penyewe. Eleza jambo uliloliona kwa macho yako, na siku uliyoliona, bila ya kutukana mtu wala kuongeza uvumi. Sema unaloliomba. Kisha tia jina lako na tarehe, na uweke nakala nyumbani. Mtu mmoja akiandika, barua yaweza kusahauliwa mezani. Watu arobaini wakiandika, mwenye meza hana budi kuuliza kuna nini.

Sasa kazi ya darasa. Mwalimu atasoma maswali haya, nanyi mjibu pamoja.

1. Bustani ya umma yatofautianaje na bustani ya nyumbani?

2. Kwa nini kivuli cha mti ni baridi kuliko kivuli cha bati? Elezeni kwa mfano wa mtungi.

3. Kwa nini bustani isiyotembelewa iko katika hatari?

4. Katika kijiji au mtaa wenu, ni mahali gani palipo pa watu wote: uwanja, kisima, msitu, au mti wa mkutano? Nani mtunzaji wake?

Baada ya kuzungumza, kila mtu na aandike barua ya mistari mitano au sita juu ya mahali pale palipotajwa katika swali la nne. Kama pana hali njema, mshukuruni mtunzaji, maana naye hufurahi kushukuriwa. Kama kuna tatizo, lielezeni kwa zile sehemu nne. Msiogope makosa ya herufi. Mwalimu atayasahihisha, kisha barua zitakazokubaliwa na darasa zipelekwe kwa anayehusika.

Na yeyote kati yenu atakayefika Nairobi siku ya jua, aulize kwanza kama milango iko wazi, kisha aingie, asome kibao kimoja cha mti, akae chini. Mahali pale ni pake.

Kwaherini, na Mungu awajalie afya njema.