FEDHA YA SULTANI ALI
(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wavuvi na wachuuzi wa samaki huko Dunga, Kisumu)



Mkipokea shilingi kwa samaki wenu hamuulizi ni nani aliyeipiga chapa. Leo napenda tuiulize fedha moja ya kale, iliyotumika pwani yetu yapata miaka elfu iliyopita.

Mwaka 1984 wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu za ng'ambo. Zile za fedha ni ndogo na nyembamba. Ungeiona moja mchangani ungedhani ni gamba la ngege. Baadhi yake zina jina la Ali bin al-Hasan, ambaye habari za kale za Kilwa zanena kuwa alikuwa mwana wa Sultani wa Shiraz, katika Uajemi, akakinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. (Wachuuzi wa hapa, nadhani, wangedai na boriti juu yake.)

Kazi ya kufua fedha ilikuwa ya mkono: kipande cha madini huwekwa kati ya chapa mbili zilizochorwa maneno kinyume, kikapigwa nyundo. Upande mmoja jina la mfalme, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande zote mbili husomwa pamoja kwa vina, mfano wa shairi. Lakini mwaka haukuandikwa, wala mji. Bwana Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, alimweka Ali karibu na mwaka 1200. Dinari za Mtambwe zikakata shauri: hakuna hata moja iliyopigwa baada ya karne ya 11. Basi Ali ni wa zamani zaidi.

Je, alikuwa mgeni kweli? Mreno João de Barros aliandika katika karne ya 16 kwamba mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, na nduguze wakamdharau kwa sababu hiyo. Tena, uchunguzi wa mifupa ya watu wa kale wa pwani, uliochapishwa mwaka 2023, ulionyesha kuwa kuukeni asili yao ilikuwa hasa Afrika, na kuumeni mara nyingi Uajemi.

Sarafu yenyewe haitaji Shiraz. Yamtaja Ali, mwana wa al-Hasan, basi. Na shaba zenye jina hilo ziliendelea kupita mikononi mwa watu wa Kilwa muda mrefu baada ya kufa kwake.