Mji wa Mchana na Mji wa Usiku
Maneno yaliyosemwa mbele ya wakristu na wageni katika sherehe za Yubile ya Parokia ya Lusangi



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya miji yetu inayokua, na hasa juu ya maisha ya usiku katikati ya miji hiyo: buveti, nganda, muziki na taa. Labda wengine watauliza: mambo hayo yanaingiaje katika siku ya Yubile? Nitawajibu kwa jambo lililonipata mimi mwenyewe nyumbani mwangu.

Mpwa wangu alikaa Goma miaka sita. Alikuwa akitumika katika nyumba moja ya kunywea. Alibeba sanduku za bia, alipokea wageni, na mara nyingi alifunga mlango saa tisa ya usiku. Feza aliyotuma ililipa minervali ya wadogo wake wawili, tena ilinunua mabati ya nyumba ya mama yake, ndiye dada yangu. Mimi niliisema vibaya feza ile mbele ya watu. Niliiita feza ya usiku. Lakini mvua iliponyesha nilikaa chini ya mabati yale pamoja na wengine, wala sikutoka nje.

Baada ya vita kuingia Goma mwezi wa Januari 2025, mpwa wangu alipoteza kazi akarudi kwetu. Sasa ananiambia: «Mjomba, unipe lupango lako lililo karibu na soko la Kasongo. Nataka kufungua buveti.» Sikumjibu upesi. Nilimwambia angoje mpaka siku ya Yubile, nami nitamjibu mbele yenu. Kwa maana jambo hili si letu wawili tu. Mtu anayejenga katikati ya mji anajenga ndani ya nyumba ya watu wote.

Ndugu zangu, sisi watu wa Maniema ya kusini tunajua tangu zamani kwamba mji unaweza kufa. Kule Nyangwe, kando ya mto, palikuwa na soko kubwa, na wanawake wengi walivuka kwa mitumbwi wapate kuuza na kununua. Siku ya 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara wenye bunduki walipiga risasi katikati ya soko lile, na mamia wakafa, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama. Livingstone aliona kwa macho yake. Tena Kasongo ya zamani, mji mkubwa wa Tippu Tip, ilitekwa na askari wa Dhanis mwaka 1893, na baadaye mji ulihamishwa. Pale pa kwanza pakabaki na jina la Tongoni, yaani mahame. Basi wazee wetu walijua jambo hili: kinacholinda soko ni amani ya yule anayekwenda na kurudi. Mahali ambapo mwanamke hawezi kupita na kikapu chake bila hofu, hapo si katikati ya mji tena, hata pakiwa na majumba mazuri.

Halafu Wabelgiji walipotawala, waligawanya miji sehemu mbili. Mtaa wa Wazungu ulikuwa upande wake, na mtaa wa watu weusi upande wake. Mtu mweusi hakuwa na ruhusa ya kutembea usiku katika mtaa wa Wazungu pasipo karatasi. Sheria ilimkataza pombe kali, lakini bia iliachwa. Basi vijana walikutana wapi? Walikutana katika baa za mtaa wao, na humo muziki wetu wa Kongo ulikua. Mwaka 1960 tulipopata uhuru, njia zote zilifunguliwa mchana na usiku. Ndiyo sababu mimi siwezi kusimama hapa na kuomba usiku ufungwe kwa amri ya polisi. Tulikwisha kufungiwa usiku, na tunajua haya iliyokuwamo.

Sasa twende Goma, kwa sababu ndiko mpwa wangu alikojifunza kazi yake. Goma si mji wa kigeni kwetu. Monsinyori Théophile Kaboy, aliyekuwa Askofu wetu wa Kasongo tangu 1995, alitumwa huko mwaka 2009.

Siku ya 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipasuka. Moto wake ulishuka kama mto, ukapita katikati ya mji mpaka ziwa Kivu. Maduka yaliungua, kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likaharibika, na sehemu ya uwanja wa ndege ikafunikwa. Watu karibu 120,000 walikosa nyumba. Wengi waliofika kuona walisema: mji huu umekwisha.

Haukwisha. Watu walirudi mawe yakiwa bado na joto. Wakayavunja kwa nyundo, wakajengea kuta mawe yaleyale yaliyowaharibia nyumba. Nyumba nyingine za ghorofa, sehemu yake ya chini ilizikwa, na vyumba vya juu vikawa vya chini. Wengine walijenga kwa mbao juu ya jiwe jeusi. Huo ni ushujaa, na inafaa tuusifu. Lakini kila mtu alijenga kwa feza yake na kwa haraka yake. Maji hayakufika kila mahali. Wengi waliendelea kuchota ziwani kwa bidoni.

Katika miaka ile Goma ilijaa wageni: askari wa Umoja wa Mataifa, watumishi wa mashirika ya msaada, wanunuzi wa koltani na kasiteriti. Wengi wao walilipwa kwa dola. Bei ya nyumba ikapanda, hoteli zikaota kando ya ziwa, na nyumba za kunywea na kucheza zikaongezeka katikati ya mji. Mpwa wangu alinieleza namna kazi ile inavyoendeshwa. Mgeni mmoja anayekunywa chupa tatu analisha watu wengi: yule anayeuza bia, anayechoma nyama, anayelinda mlango, anayeendesha pikipiki, na mama mwenye sigara na karanga kando ya njia. Kwa hiyo tusiseme kwamba usiku ni uvivu. Wengi wanaokesha pale wanatumika.

Lakini alinieleza na mengine. Kulikuwa na wasichana waliomaliza kazi saa tisa ya usiku na kurudi kwa miguu peke yao, katika njia isiyo na taa. Kulikuwa na miezi ambayo mshahara haukutoka, na hakuna kitabu kilichoandikwa, basi hapakuwa na mahali pa kushitaki. Na nyuma ya ukuta wa muziki ule kulikuwa na mgonjwa, na mtoto mwenye mtihani kesho yake. Hao wote hawakuulizwa neno siku buveti ilipofunguliwa.

Tena feza ile ya wageni ilikuwa mguu mmoja tu. Mwezi wa Desemba 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, Serikali iliamuru watu wasitembee tangu saa tatu ya usiku mpaka saa kumi na moja ya asubuhi. Nyumba za usiku zikanyamaza. Halafu mwezi wa Januari 2025, watu wa M23 walipoushika mji, wageni wengi waliondoka, uwanja wa ndege ukafungwa, na benki zikafunga milango. Yule aliyejengea wageni peke yao aliona meza zake tupu kwa siku chache. Lakini mama anayeuza maharagi na makala kwa jirani zake alirudi sokoni, kwa kuwa jirani hakuacha kula.

Ndugu zangu, hilo ndilo somo langu la leo. Katikati ya mji panajengwa vema pale mchana na usiku vinaposikilizana, tena pale masharti yanapowekwa kabla ya matofali. Masharti yanayokuja baada ya matofali huitwa ugomvi.

Kasongo yetu ni mji wa wakristu na wa Waislamu. Alfajiri adhana inaita, na kengele inaita pia. Mtu anayefunga mlango wake saa tisa ya usiku ana jirani anayeamka saa kumi na moja apate kusali. Wote wawili ni watoto wa mji. Basi ni lazima wazungumze, tena wazungumze mapema.

Sasa mpwa wangu, usimame nikuone. Jibu langu ni hili: lupango nitakupa, kwa masharti matano.

Kwanza, kabla ya kuleta tofali moja, utapita kwa jirani wote, mkristu na Mwislamu, ukawaulize saa ya kunyamaza. Mimi naona saa nne ya usiku siku za kazi, na saa sita siku ya posho. Saa mtakayopatana, uiandike mlangoni, na mkuu wa kartie aijue.

Pili, utachimba choo na kuweka maji safi kabla ya kununua vyombo vya muziki. Nyumba yenye sauti kubwa bila choo ni aibu kwa mji.

Tatu, taa moja utaitundika nje, upande wa njia. Chini ya taa ile mama atauza mikate na samaki wake, na mtoto asiye na taa kwao atasoma kitabu. Hutawafukuza.

Nne, kila mtu atakayetumika kwako ataandikwa katika kitabu, jina lake na mshahara wake. Mtoto hatatumika kwako, wala hatauziwa pombe. Na hakuna msichana atakayerudi kwao peke yake usiku. Wewe uliyaona hayo Goma, usiyapande hapa.

Tano, utapika chakula na chai, ili hata mtu asiyekunywa bia apate kukaa na wenzake. Buveti ambayo nusu ya mji haiwezi kuingia haifai kusimama kando ya soko la wote.

Na ninyi wazazi wenzangu mnaocheka, neno lenu linakuja. Tunawagombeza vijana kwa sababu wanakwenda buveti. Lakini saa moja ya jioni, kazi ikiisha, tumewafungulia mlango gani mwingine? Katika parokia nyingi kuna chumba kikubwa ambacho kufuli yake inafunguliwa siku ya mkutano tu. Chumba hicho kinaweza kuwa na taa, vitabu, mazoezi ya kwaya, michezo ya kuigiza, na masomo kwa wale walioacha shule. Kijana hapendi giza. Anafuata mahali penye watu. Tukiacha buveti iwe mahali pa pekee penye watu, tusimlaumu anayekwenda.

Nanyi wakuu wa Serikali mliopo hapa, tunawaomba jambo moja. Viwanja vya katikati ya mji vinapogawanywa, mwulize kila mara: njia ya mguu itapita wapi, maji ya mvua yatakwenda wapi, mwanamke mwenye kikapu atakaa wapi? Maswali hayo hayana gharama kubwa leo. Kesho gharama yake ni kubomoa.

Namaliza. Nilikosa kuiita feza ya mpwa wangu feza ya usiku. Ilikuwa jasho lake, nami nilijikinga mvua kwa jasho hilo. Leo namwomba radhi mbele ya parokia. Naye, akiyakubali masharti matano, siku ya kufungua nitakuwa wa kwanza kuingia. Nitakunywa chai, nitamlipa, na saa nne ikifika nitakwenda kulala, pamoja na jirani zake wote.