Walio Nyuma ya Picha

Mazungumzo ya karani mstaafu wa chama cha msingi, mbele ya wanachama na viongozi, Tarime, katika sherehe ya miaka 10 ya Chama Kikuu



Miezi michache iliyopita nalitumwa na Halmashauri nikusanye picha za kutiwa katika kitabu hiki cha ukumbusho, kwa kuwa mimi ni mtu wa daftari na wengi wenu mwanijua tangu siku za mizani. Basi nalizunguka na mkoba wangu nyumba kwa nyumba, toka vilima vya Tarime vilivyopakana na Kenya hata vijiji vya Mugumu. Picha nalizikuta katika makopo ya chai, katikati ya kurasa za Biblia, na nyingine zimebandikwa ukutani pamoja na kalenda za miaka iliyokwisha. Nyingi zilipigwa siku ya malipo. Wapiga picha wa zamani waliijua siku hiyo kuliko hata wakulima wenyewe. Walifika mapema na baiskeli zao, wakakaa kivulini wakingoja fedha itoke.

Mwanzoni nalidhani kazi ni nyepesi, maana picha zilifanana mno: mtu na gunia, mtu na mizani, viongozi wameketi vitini na wanachama wamesimama nyuma yao. Lakini kila nilipouliza, "Hawa ni akina nani?" mwenye picha alinitajia walioketi mbele kwa majina na vyeo; akifika kwa walio nyuma, husema, "Hao ni watu tu." Maneno hayo yalinichoma moyo, na sababu yake nitaieleza mbele. Leo naomba niwaonyeshe picha nne, niseme habari za watu hao.

Picha ya kwanza ni ya mizani. Ilipigwa katika miaka ya 1960, wakati wilaya yetu ingali ikiitwa North Mara na kahawa ingali ikipimwa kwa ratili. Mbele amesimama karani wa siku zile, kalamu sikioni, kofia kichwani. Nyuma yake wako wanaume wawili wameshika gunia moja, huyu upande huu na huyu upande huu, wanaliinua litundikwe kwenye ndoano. Aliyenipa picha aliwajua wote wawili. Walikuwa watu wa koo mbili ambazo mwaka uleule zilikuwa zimenyang'anyana ng'ombe na kutiana majeraha. Njiani wasingesalimiana, lakini gunia ni zito, na mizani haiulizi ukoo wa mtu. Kila mmoja alihitaji mkono wa mwenziwe, naye akaupata.

Ndugu zangu, sote twajua jinsi magomvi ya koo yalivyotugharimu watu na mali hapa Tarime. Wako wasemao kwamba ushirika ni biashara na hauhusiki na mambo hayo. Mimi naitazama picha hii nami nasema kwamba penye mizani ya haki watu hujifunza kusimama katika mstari mmoja. Na penye mizani ya hila hata ndugu wa tumbo moja hugombana.

Picha ya pili ni ya ghala lililofungwa. Ni ya mwaka 1976. Vijana watatu wameketi barazani, mlango nyuma yao una kufuli. Kijana wa katikati ni mimi, nikiwa na miaka 21. Mwaka ule Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na kazi ya kununua mazao ikapewa vijiji na mamlaka za mazao. Jalidi kali ilikuwa imeiunguza mikahawa ya Brazil mwezi wa Julai 1975, na bei ya kahawa duniani ikapanda sana katika miaka miwili iliyofuata. Basi kahawa ilipopata bei, sisi hatukuwa na chama. Magunia mengi yalivuka mpaka usiku kwa mabega ya watu na migongo ya punda, na aliyekamatwa alipoteza kahawa na punda pia.

Nasema haya bila uchungu. Mwalimu Nyerere mwenyewe, mzaliwa wa Butiama katika mkoa wetu huu wa Mara, alikiri mwaka 1984 kwamba kuvunja vyama vya ushirika lilikuwa kosa. Sheria mpya ilikwisha kupitishwa mwaka 1982, na vyama vikuu vikaanza kurudi. Lakini chama si ghala lenye kufuli ambalo ukilifungua utakuta kila kitu mahali pake. Tulipofungua, mizani ilikuwa na kutu, madaftari yameliwa na mchwa, na wazee waliojua ni nani alikuwa na hisa ngapi walikuwa wamekufa. Ndipo nikaajiriwa kuwa karani wa chama chetu cha msingi, niandike daftari jipya.

Picha ya tatu yatoka Serengeti, kwa ndugu zetu wa tumbaku. Ni mkutano wa wanachama chini ya mti, na nyuma laonekana bani la kukaushia majani. Mgeni amesimama anahutubia, na katika mstari wa mbele kabisa yuko kijana amelala, kinywa wazi, kichwa kimemwangukia jirani. Picha hii nalikuwa nayo miaka mingi, na kila nilipoionyesha watu walicheka. Nami nalicheka pamoja nao, nikisema, "Huyo ndiye mwanachama wetu, alilala mpaka posho ikatoka."

Safari hii nalimkuta mtu huyo, sasa ni mzee mwenye wajukuu. Nikamwonyesha picha kwa mzaha. Aliitazama, akasema kwa upole, "Usiku ule tembo walikuwa shambani. Tulipiga madebe tangu saa tatu hata alfajiri. Kulipokucha, wenzangu walikwenda kulala. Mimi nalikuja mkutanoni, kwa kuwa nalikuwa mjumbe." Nalikosa la kusema. Wale wanaolima kando ya hifadhi wajua kwamba tembo hahitaji usiku mzima kumaliza shamba. Saa moja yamtosha. Mtu aliyekesha akilinda shamba, kisha akatembea kwa miguu kuja kutuwakilisha, sisi tulimfanya kichekesho kwa miaka 20. Namwomba radhi mbele yenu, ingawa yeye alikwisha kunisamehe.

Sasa nafika kwenye picha ya nne, ambayo ni ya nyumbani kwetu.

Katika picha hii baba yangu amesimama mbele ya meza ya waya ya kuanikia kahawa. Amevaa koti, mkononi ameshika kitabu chake cha uanachama, na miguuni pana gunia lililojaa. Ni picha nzuri. Lakini tazameni pembeni, upande wa kushoto. Pana mkono mmoja umenyooshwa juu ya meza, unageuza kahawa. Mwenye mkono hayumo. Mpiga picha alimkata. Huo ni mkono wa mama yangu.

Ninyi wakulima mwaijua kazi iliyo nyuma ya gunia lile. Kahawa mbivu huchumwa moja moja kwa vidole, nyekundu peke yake, na mtu hurudi mti uleule mara nyingi katika msimu mmoja. Humenywa siku ileile kwa mashine ya mkono. Huvundikwa hata utelezi uachane na punje, ndipo huoshwa kwa maji mengi, na maji hayo yalitoka mtoni juu ya kichwa cha mtu. Kisha huanikwa siku nyingi, ikigeuzwa tena na tena, ikifunikwa kila mvua inapotisha. Katika kilo 5 hivi za kahawa mbivu hupatikana kilo 1 tu ya kahawa kavu yenye ganda. Baba alipalilia na kupogoa, wala simnyimi haki yake. Lakini kuchuma, kumenya, kuosha na kuanika zilikuwa kazi za mama na sisi watoto wake.

Baba alifariki mwaka 1988, baada ya kupeleka kahawa ya msimu na kupokea malipo ya kwanza. Miezi ilipopita, malipo ya pili yakafika chamani. Karani nalikuwa mimi. Daftari lilikuwa na jina la baba, na mahali pa kuandika mteule wake palikuwa wazi. Ndugu za baba walikuja pamoja na mkubwa wao, wakasema mali ya marehemu iko mikononi mwao. Mama alikuwa amesimama nje ya mstari, karibu na mlango, kanga amejifunga kiunoni. Mimi nalifungua daftari, nikatafuta jina lake, sikuliona. Nikamlipa baba mkubwa, akatia dole gumba, nikapiga mhuri.

Jioni nalikwenda nyumbani. Mama alinipa chakula kama kawaida. Nilipomaliza kula alisema, "Mura, hesabu yako ni sahihi. Ila hukuniuliza kahawa ile ni ya nani."

Fedha ile haikurudi. Mshahara wangu ulikuwa mdogo, na nalikuwa na watoto wanne. Mdogo wangu wa kike akaacha shule mwaka ule kwa kukosa ada. Mtu aliyemkosesha hakuwa mwizi wala adui wa ushirika, alikuwa ni ndugu yake wa tumbo moja, mwenye kalamu safi na daftari lisilo na kosa la hesabu. Hii ndiyo sababu maneno "hao ni watu tu" yalinichoma.

Mama hakuacha shamba. Mwezi wa Julai 1989 utaratibu wa kugawiana mauzo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, na bei ikaanguka duniani kote. Majirani wengi waling'oa mikahawa wakapanda mahindi. Mama alikata mikahawa mizee ili ichipue upya, akapanda migomba katikati, akangoja. Mwaka 1992 alikuja chamani kuomba uanachama kwa jina lake mwenyewe. Kamati ilibishana tangu asubuhi hata adhuhuri. Mzee mmoja akauliza, "Je, akiolewa tena?" Mama akajibu, "Nikiolewa tena, mtapima mume au mtapima kahawa?" Watu wakacheka, na yule mzee akacheka kuliko wote. Naye akakubaliwa.

Msimu ule alipoleta kahawa, alimwita mpiga picha. Akasimama peke yake kando ya mizani, mkono ameuweka juu ya gunia. Picha iliporudi alinipa, akasema, "Igeuze, uandike." Nikaandika jina lake, mwaka, na uzito: kilo 94. Mama sasa ni marehemu. Kati ya picha zote nilizokusanya, hiyo ndiyo pekee iliyokuwa na maandishi nyuma. Sikuileta hapa kwa sababu ni yangu mwenyewe, na mtaniwia radhi kuizuia.

Bwana Mwenyekiti, nisiwachoshe. Katika miaka hii 10 Chama chetu kimesimama, nasi tunashangilia kwa haki. Lakini wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nami baada ya maisha yangu yote katika madaftari naongeza kwamba hata daftari lenyewe laweza kumpoteza mtu, kama aliyeandikwa ni mmoja na waliofanya kazi ni watano. Kwa hiyo naomba mambo matatu.

La kwanza, kila mwanachama atakaporudi nyumbani leo aziteremshe picha zake ukutani, ageuze, aandike majina ya wote waliomo, hata wale waliokatwa pembeni. Wazee wanaowajua wanapungua kila mwaka.

La pili, kila mwanachama aende chamani aandikishe mteule wake, maana sheria ya ushirika imempa nafasi hiyo. Makarani wenzangu, mahali pale pasiachwe wazi. Msiseme, "Tutajaza baadaye." Baba yangu naye alisema atajaza baadaye.

La tatu, vyama vya msingi viwafungulie mlango wale wanaolima bila kuandikwa: wake, wajane, vijana, na akina mama wa nyumba ntobu, ambao kwa mila ya Wakurya wanazishika nyumba zao wenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetamka kwamba haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Ikiwa shamba laweza kuwa lake, na jasho ni lake, basi ni shida gani kuandika jina lake?

Baada ya mazungumzo haya tutapiga picha ya pamoja ya miaka 10. Viti vimepangwa mbele kwa ajili ya viongozi, na ni desturi njema. Nimemwomba mpiga picha arudi nyuma hatua chache zaidi, ili asimkate mtu. Nami nitapita kwenu na daftari, niandike majina yote, nikianzia mstari wa nyuma.