Kiharusi Kinapopiga, Tazama Saa


Mzee akiamka mdomo umepinda na kikombe cha chai kikimponyoka mkononi, mara nyingi jamaa husema ni upepo mbaya, au alilala vibaya. Hupakwa mafuta, akaambiwa apumzike. Hapo ndipo muda unapopotea.

Kiharusi kinachowapata watu wengi zaidi hutokana na kuziba kwa mshipa wa damu ubongoni. Donge la damu hukwama, na sehemu iliyo mbele yake hukosa oksijeni. Wataalamu hukadiria kwamba seli za ubongo zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Donge hilo hutoka kwenye moyo unaodunda ovyo, au kwenye mishipa iliyochakazwa na presha, kisukari, sigara na mafuta mengi kwenye damu. Presha ndiyo chanzo kikubwa, nayo haiumi. Ndiyo maana wengi huacha vidonge wakidhani wamepona.

Dalili huja ghafla: uso kulegea upande mmoja, mkono au mguu kukosa nguvu, ulimi kuwa mzito, jicho kutoona. Hata zikitoweka baada ya dakika chache, mgonjwa apelekwe hospitali papo hapo, kwa kuwa kiharusi kamili huweza kufuata.

Ipo dawa ya kuyeyusha donge, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa nne na nusu. Si saa nne na nusu ya asubuhi! Ni muda unaohesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Aliyelala saa tatu usiku akiwa salama, akaamka saa kumi na mbili amepooza, huhesabiwa kwamba saa tisa zimekwisha kupita. Anayempeleka aiandike saa hiyo kwenye karatasi.

Hospitali iwe yenye mashine ya CT. Ni heri kupiga simu kwanza kuuliza. Bila picha ya kichwa haijulikani kama mshipa umeziba au umepasuka, na dawa hiyo huweza kumuua ambaye mshipa wake umepasuka. Kwa sababu hiyo hiyo asipewe aspirini nyumbani. Wala asipewe uji au maji, kwani koo lililolegea hupitisha chakula mapafuni.

Wahamasishaji wa afya ya jamii walianza kupewa mashine za kupima presha mwaka wa 2023. Wakibisha hodi, kila mtu mzima nyumbani apimwe, hata yule anayesema hana ugonjwa.