Kabla ya Kuwasha Taa ya Nje, Simameni Mlangoni kwa Jirani

(Hotuba tuliyoitoa mbele ya wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia vya pwani. Tumeichapisha kwa ajili ya vikundi ambavyo havikuweza kufika.)

 

Leo hatukuja kuzungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala mikopo. Tumekuja na habari ya taa za nje: taa za sokoni, za kituo cha samaki, za zahanati, na zile ndefu ambazo sote twaziita mulika mwizi. Mwaka 2015 serikali ilianza mradi wa kufikisha umeme katika nyumba za vijijini, na siku hizi taa za sola zinauzwa hata katika maduka madogo. Ndiyo sababu vikundi vingi vinatuletea maombi ya taa. Ni jambo jema. Mama anayefika kituo cha samaki saa kumi ya alfajiri anahitaji kuona njia, na kumwona aliye njiani. Kwa hiyo msituelewe vibaya. Hatukuja kuwaambia mzime taa. Tumekuja kuwaeleza kosa tulilolifanya sisi wenyewe, ili ninyi msilirudie.

Tulivyokosea

Tulisaidia kikundi kimoja cha wavuvi na wauza samaki kuweka taa nne kubwa katika kituo chao. Harambee ilifanywa, pesa zikapatikana, nguzo zikasimamishwa karibu na mchanga. Siku ya kuwasha, akina mama walipiga vigelegele. Sisi tuliandika katika ripoti yetu kwamba mradi umefaulu, tukaenda zetu.

Baada ya majuma machache, mvuvi mmoja alikuja ofisini asubuhi na karai. Ndani ya karai mlikuwa na watoto wa kasa, wadogo, kila mmoja angeweza kukaa katika kiganja cha mkono. Wote wamekufa. Aliwaokota chini ya taa zetu na kando ya barabara, wengine wamekanyagwa na pikipiki, wengine wamekauka kwa jua. Tulianza kuwahesabu, tukakosa moyo wa kumaliza.

Tulikwenda kuona. Na tulipofika hapo ndipo tulipoonyeshwa jambo la pili. Hatua kama ishirini kutoka nguzo ya mwisho pana nyumba ya mama mmoja mzee, mjane. Dirisha lake lilikuwa limezibwa kwa gunia. Mwanga uliingia chumbani usiku kucha, hivyo aliziba dirisha; alipoziba dirisha, joto likamzidi. Alikuwa hajapata usingizi wa kutosha tangu siku ya vigelegele. Tulimuuliza, "Mama, mbona hukusema mkutanoni?" Akajibu, "Mimi sikukataa taa, wanangu. Nilingoja mniulize."

Jamani, maneno hayo yalituingia. Tulikuwa tumemuuliza kila mtu anayetaka taa. Hatukumuuliza hata mmoja atakayelala chini yake. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa nini mtoto wa kasa afuate taa?

Kasa jike hutoka baharini usiku, huchimba shimo mchangani, hutaga mayai ambayo mara nyingi hupita mia moja, hufukia, kisha hurudi baharini. Baada ya miezi miwili hivi, watoto huanguliwa. Mara nyingi hutoka usiku, mchanga ukiwa umepoa. Hakuna mama wa kuwaonyesha njia. Wao hufuata upande wenye mwanga zaidi chini karibu na upeo wa macho. Katika ufuo usio na taa, upande huo ni bahari, kwa sababu maji hurudisha mwanga wa mwezi na nyota, na nchi kavu yenye miti ni nyeusi. Tukiweka taa upande wa nchi kavu, tumegeuza ramani yao. Wanaipa bahari kisogo. Kaa huwala, mbwa huwala, na wasioliwa huchoka mpaka jua linawakuta.

Hata kasa mama anayekuja kutaga anaweza kuuona ufuo wenye mwanga mkali akageuka na kurudi majini. Na kasa hukawia sana kukomaa. Kwa aina nyingi ni miaka mingi, pengine ishirini na zaidi. Hasara ya usiku mmoja hailipwi msimu ujao. Tena sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda kasa wetu, hivyo jambo hili si la huruma peke yake.

Si kasa tu

Ninyi wa bara msiseme haya ni ya watu wa ufuoni. Hebu tazameni chini ya taa yoyote ya nje asubuhi. Mtaona nondo, mbawakawa, na wakati wa mvua kumbikumbi. Wadudu wa usiku huvutwa na taa, huizunguka mpaka wanachoka, au wanaliwa hapo hapo na popo na mijusi. Mwaweza kusema, wadudu ni kitu gani? Basi jueni kwamba maua ya mpapai hutembelewa na nondo wakubwa jua linapokuchwa. Hao ndio hubeba chavua kutoka mpapai dume hadi mpapai jike. Nondo anayezunguka taa hayuko shambani kwenu. Na mbuyu, ambao ua lake hufunguka jioni, hutegemea sana popo wa matunda, na wako popo wanaokwepa mahali penye mwanga.

Mimea nayo huhesabu urefu wa usiku. Soya, kwa mfano, hungoja usiku mrefu ndipo itoe maua. Iliyo karibu na taa ya barabarani hubaki kijani na kuchelewa kukomaa wakati iliyo mbali iko tayari kuvunwa.

Nasi binadamu tuna saa yetu mwilini. Giza likiingia, mwili hutoa homoni ya usingizi iitwayo melatonini. Mwanga mkali usiku, hasa ule mweupe wenye ubluu, huipunguza. Kwa hiyo yule mama hakuwa na kisirani. Mwili wake ulikuwa ukiambiwa kwamba bado ni mchana.

Namna ya kupima

Hapa ndipo tungependa mwandike. Kupima athari za taa hakuhitaji mashine. Kunahitaji daftari, watu watatu au wanne, na usiku mmoja usio na mwezi. Fanyeni kabla ya kununua taa, na mrudie baada ya kuiweka.

1. Choreni ramani. Wekeni alama mahali pa taa, kisha kila nyumba, zizi, shamba, mti mkubwa, kisima na ufuo ulio karibu. Andikeni ni nani hutumia mahali hapo usiku na saa ngapi.

2. Nendeni kwa majirani kabla ya mkutano. Msingoje waje. Mtu mnyonge hasemi mbele ya umati, akiogopa kuitwa adui wa maendeleo. Muulizeni nyumbani kwake: chumba chako cha kulala kiko upande gani? Kuku wako hulala wapi? Una mgonjwa au mtoto mchanga?

3. Jaribuni taa kabla ya kuchimba shimo la nguzo. Fungeni taa ya kujaribia juu ya mti mrefu, kwa urefu ule ule mnaotaka. Kisha simameni mlangoni kwa jirani. Je, mnaiona balbu yenyewe? Kama jicho linaiona balbu, mwanga unafika mahali usipotakiwa. Tazameni ukuta wake: je, kivuli chenu kinaonekana hapo? Andikeni.

4. Walio karibu na bahari, shukeni ufuoni na mlale kifudifudi mchangani. Ndiyo, mlale kabisa, kwa sababu macho ya mtoto wa kasa hayako juu kama yetu. Ni upande gani unang'aa zaidi, baharini au nchi kavu? Waulizeni wavuvi wazee kasa hutaga wapi na miezi gani. Waulizeni pia maofisa wa KWS. Kule Watamu, ambako hifadhi ya bahari ilianzishwa mwaka 1968, wako watu waliojitolea tangu mwaka 1997 kulinda viota vya kasa, na wana ujuzi wa kutosha.

5. Tandikeni shuka jeupe chini ya taa jioni, na shuka jingine mahali penye giza. Asubuhi na mapema, kabla ya kuku kufika, hesabuni wadudu katika kila shuka. Rudieni usiku tatu. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo itakayowaambia taa yenu inavuta nini.

6. Tembeeni saa mbili usiku, saa tano, na saa tisa. Kila mara andikeni ni watu wangapi wanautumia mwanga ule. Kama saa tisa hakuna mtu, taa inamwakia nani?

Namna ya kurekebisha

Turudi kwa kile kituo cha samaki. Tulikaa na kikundi, na yule mama mzee akiwa amekaa mbele safari hii. Hatukung'oa taa. Tulifanya mambo matano.

Kwanza, fundi wa jua kali alikata bati na kuifanyia kila taa kofia, ili mwanga ushuke chini tu. Pili, tulizishusha taa. Mkipunguza umbali kwa nusu, mwanga unaofika chini huwa mkali mara nne, kwa hiyo balbu ndogo ilitosha. Tatu, tulibadilisha balbu. Tazameni namba kwenye paketi: iliyoandikwa 6500K ni nyeupe yenye ubluu, na ndiyo mbaya zaidi, ya 2700K ni ya manjano, ni afadhali. Upande unaotazama bahari tuliweka ya rangi ya machungwa, ambayo kasa hawaifuati sana. Nne, taa mbili huzimwa saa nne usiku, mizani ikifungwa, na huwashwa tena akina mama wanapoanza kuja alfajiri. Tano, nguzo ya mwisho ilihamishwa.

Mlinzi alilalamika. Alisema mwizi atafurahi. Tukamwambia asimame chini ya taa ya zamani na atazame gizani. Hakuona kitu, kwa kuwa taa ilimpiga machoni. Tukamsimamisha chini ya taa yenye kofia. Aliona mpaka kwenye ngalawa. Taa inayokupofusha humsaidia mwizi, maana hujificha nyuma ya mwanga.

Tuseme ukweli: si yote yamekwisha. Jumba moja la jirani bado linamulika bahari, na mwenyewe hatujamkuta. Lakini msimu uliofuata, yule mvuvi alikuja ofisini bila karai. Alituambia ameona alama za vijiguu vidogo mchangani, zote zimeelekea majini. Na gunia dirishani kwa mama mzee limeondolewa.

Ndugu zetu, shamba lina mpaka, ng'ombe ana kamba, lakini mwanga hauna ua. Unaingia kwa jirani bila kubisha hodi. Kwa hiyo sisi wenye taa ndio tubishe hodi kwanza. Kila kikundi kinachotaka taa sasa tunakiomba kitu kimoja pamoja na hesabu ya fedha: lile daftari la usiku, lenye majibu ya majirani. Mkitembea usiku huo, tuiteni, tuje tutembee pamoja. Viatu vyetu viko tayari.